Kiti cha Kikapu

Ujumbe wa kukubaliwa chuoni uliingia kwenye simu yangu nikiwa katikati ya mistari ya chai, mikono imejaa majani, na nilipousoma nilipiga kelele mpaka mama akadhani nimekanyaga nyoka. Ulisema nimepata nafasi ya diploma ya usanifu wa samani na bidhaa katika chuo cha ufundi mjini Kericho. Niliusoma tena kwa sauti ili mama asikie. Yeye alikuwa mstari wa pili. Alifuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, akauliza samani ni nini. Nikamwambia ni viti, meza, vitanda, makabati. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama kweli mtu huenda kusomea kiti.

Swali hilo nililisikia kijijini kwetu Mogogosiek kote wiki ile. Dukani, kanisani, kwa mashine ya kusaga mahindi, kila mtu alinipa pole kwa namna yake. Mmoja aliniambia nisivunjike moyo, mwakani nitajaribu kozi nyingine. Mwingine alitaka kujua kama nitamtengenezea mwanawe kitanda cha bei nafuu. Mimi nilikuwa na furaha kiasi kwamba hata kejeli ziliniingia kama sifa. Tangu utotoni nimekuwa mtu wa kugombana na vitu. Wengine hugombana na majirani. Mimi niligombana na mlango wa jikoni uliokwaruza sakafu, na sufuria yenye mkono unaochoma, na dawati la shule lililonichania sketi mbili. Kila mara niliambiwa hivyo ndivyo vitu vilivyo, nivizoee. Sasa kumbe kulikuwa na chuo kizima cha watu waliokataa kuvizoea. Nilitaka kwenda siku hiyo hiyo.

 Baba alikuwa akifanya kazi kwenye boila ya kiwanda cha chai, kwa zamu, na alirudi nyumbani akinuka moshi wa kuni. Kwake, msichana mwenye alama kama zangu alikuwa na njia moja, nayo ni uuguzi. Hakuwa akiniwazia mabaya. Alikuwa amewaona mafundi wa mbao wa soko la Merigi wakikaa nje ya vibanda vyao kutwa nzima kando ya vitanda visivyo na mnunuzi, vumbi likilalia godoro la nailoni, na hakutaka kunikuta huko. Muuguzi hupangiwa kazi popote, alisema, na hakuna siku watu watakataa kuugua.

Baada ya chakula aliniita. Baba akitaka jambo lisikike vizuri huacha Kikipsigis na kuingia Kiswahili, utadhani yuko mbele ya baraza la chifu.

"Nitakupea mwaka moja," alisema. "Ufanye kitu moja tu, watu wa hapa kituo ya majani watumie bila wewe kuwabembeleza. Ukishindwa, unaingia uuguzi, na hiyo maneno ya viti tusiisikie tena."

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Mama alinitazama kwa jicho la kuniambia ningengoja kidogo, lakini mimi na kungoja hatujawahi kuwa marafiki. Kitu kimoja tu, nilijiambia. Hicho nitakimaliza muhula wa kwanza, niendelee na mengine.

Chuoni, somo la kwanza kabisa lilikuwa kukaa. Mwalimu wetu, mama mrefu aliyetoka upande wa ziwa, aliingia amebeba kiti cha mbao, akakiweka katikati ya darasa, akatuamuru tukikalie mmoja mmoja na kusema kinaumiza wapi. Tulicheka, tukadhani ni mzaha wa kutukaribisha. Wa kwanza akasema hakiumizi. Wa pili akasema mgongo. Nilipofika zamu yangu nilikaa, nikasema kinaumiza chini ya mapaja kwa sababu ni kirefu kuliko miguu yangu, na egemeo linanisukuma mbele, na ukingo wake una kona kali ambayo fundi alisahau kuilainisha. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikasimama. Mwalimu akanitazama, akasema darasa limepata mgomvi. Nilirudi mahali pangu nikiona fahari tupu.

Kuanzia siku hiyo dunia ilibadilika sura. Tulifundishwa kwamba mwili wa mtu una vipimo, na kila kitu kinachoguswa na mwili lazima kiviheshimu: urefu kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, upana wa mabega, mahali mkono unapofika bila kunyooshwa. Nilianza kutembea na tepu ya kupimia. Nilipima ngazi za hosteli, kaunta ya benki, meza ya chapati ya mama aliyetuuzia chakula, na nilipofika nyumbani likizoni nikapima mabenchi ya kanisa letu wakati watu wakiimba. Niligundua kwamba yalitengenezwa na mtu aliyekusudia muumini asilale hata akitaka. Nilimweleza mchungaji, naye akasema basi fundi huyo alifanya kazi ya Mungu.

Na karakana! Harufu ya mbao mbichi ya saiprasi, sauti ya randa ikitoa utepe mwembamba wa mbao unaojikunja wenyewe, siku ya kwanza niliyounganisha vipande viwili vya mbao kwa ulimi na tundu, bila msumari, vikashikana nikashindwa kuviachanisha. Nilivibeba hadi hosteli nikawaonyesha wenzangu waliosomea uhasibu. Walivitazama kwa adabu. Mmoja alisema, "Sasa hiyo ni nini?" Nikamwambia si kitu, ni kona. Usiku ule nililala na kona ile kando ya mto wa kichwa.

Muhula wa pili tukapewa kazi kubwa: chagua mahali unapopajua, watazame watu wa hapo, utengeneze kitu wanachokihitaji. Moyo uliruka. Kazi ya mwalimu na sharti la baba zilikuwa zimekutana njia panda, na mahali nilikuwa napo tayari. Kituo chetu cha kununulia majani ni banda la bati kando ya barabara ya mawe, lina nguzo, mizani, na karani anayepima. Wanawake hufika na vikapu vyao mchana, wanamwaga majani juu ya gunia safi, wanachambua yaliyokomaa na vijiti, wanarudisha kikapuni, kisha wanapeleka kwenye mizani iliyo upande wa juu. Baada ya hapo ni kungoja lori la kiwanda, na lori letu huja linapojisikia. Katika muda huo wote watu husimama. Sakafu ni udongo, na mvua ikinyesha inakuwa uji.

Mwalimu alinishauri niende nikawatazame tena, kana kwamba sijawahi kufika huko. Nilikwenda. Nilitazama miguu tu, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba wanahitaji viti. Nikaona miguu iliyochoka, ikibadilishana uzito, mmoja ukipumzika juu ya mwingine. Nikarudi chuoni na ushahidi wangu.

Kiti nilichokichora kilitoka nyumbani. Babu alikuwa na ng'echeret, kile kiti cha miguu mitatu kinachochongwa kutoka gogo moja, na ukweli ni kwamba hakuna akili kubwa kuliko ile: miguu mitatu haiyumbi hata ardhi iwe na mabonde. Nilikifanya chepesi, cha saiprasi, chenye kikalio kilichobonyea kidogo na miguu iliyotanuka ili isizame matopeni. Darasa lilinipigia makofi. Mwalimu alikizungusha mikononi, akauliza viti kama hivyo nyumbani hukaliwa na nani. Nikajibu hukaliwa na wazee, lakini hiki ni cha kisasa. Akasema haya, kipeleke.

Nilitengeneza vinne, nikavisugua kwa msasa mpaka vikawa laini kama shavu, nikavipakia kwenye pikipiki, nikavipanga kwa mstari chini ya bati la kituo. Kisha nikasogea kando, karibu na mama anayeuza omena pale nje, nijifanye nachagua samaki.

Wanawake wakaja na vikapu vyao. Waliviona viti. Mmoja alipitisha kiganja juu ya kikalio, akasema fundi wa hivi ni fundi kweli. Mwingine alikizunguka. Walivisifu, wakavipisha kama mtu anavyopisha gari la mkubwa, wakasimama pale pale walipozoea kusimama. Nilingoja. Nilijisemea wanaona haya kuanza. Mwishowe nikajitokeza, nikamkaribisha mmoja wao akae, akacheka, akasema yeye hajachoka. Alikuwa amechuna tangu umande haujakauka.

Muuza omena ndiye aliyenihurumia. Alikuwa amekuja kutoka ziwani na mumewe aliyeajiriwa kiwandani, na hata yeye alikuwa na kipande cha chai alichokodi. Aliniita nyara, yaani binti yangu kwa lugha yake.

"Nyara, kiti ni mzuri sana," alisema. "Lakini hiyo ni ya mwenye boma. Hata kwetu ziwani, mwanamke hawezi kukalia hiyo. Nikikalia, nitaonekana aje?"

Nilisimama pale na samaki mkononi nikajiona mjinga wa kiwango cha diploma. Nani katika nyumba yetu aliwahi kukalia kiti cha babu? Mama, katika miaka yake yote ya ndoa, alikuwa akikiinua kwa mikono miwili kukifuta vumbi na kukirudisha mahali pake, na hata babu akiwa safarini kilikaa kitupu huku sisi tukibanana kwenye benchi. Wale wanawake hawakuona kiti cha saiprasi chenye miguu iliyotanuka. Kila mmoja aliona kiti cha baba mkwe wake, mbele ya watu, barabarani.

Wasiokuwa na tatizo hilo walikuwa wazee wa dukani. Kesho yake waliviona, na keshokutwa walikuwa wamehamia. Walivivuta mpaka mahali penye upepo mzuri, wakaketi wakizungumza siasa kutwa nzima, huku wake zao na wake wa wana wao wakiwa wamesimama na vikapu. Mmoja aliniombea baraka. Jioni nilimwambia baba kwamba viti vinatumika. Aliniuliza vinatumiwa na watu gani. Nikasema watu wa kituoni. Akaniuliza tena ni watu gani, na mimi nikaingia jikoni.

Nilikasirika siku mbili, kwanza na wazee, kisha na mila, kisha na mbao yenyewe. Siku ya tatu mvua ya mchana ilishuka na mawe yake, ile ya kwetu huku Konoin inayopiga bati mpaka mtu haoni haja ya kuzungumza. Wazee walikimbilia dukani. Viti vikabaki, sakafu ikawa tope, na wanawake wakawa wamekumbatia vikapu vyao, kwa sababu majani yakigusa tope karani huyakataa. Nilikuwa nimejikunyata kwenye nguzo. Basi mwanamke mmoja, mikono ikiwa imemchoka, alitazama huku na huku, akaweka kikapu chake juu ya kiti.

Hakuna aliyemkemea. Kikapu kukalia kiti cha mzee si kosa, hakijaolewa na mtu. Wa pili akaweka chake, wa tatu akaweka. Nikaona mabega yakishuka. Nikaona mmoja akinyoosha mgongo kwa mikono miwili kiunoni, akafumba macho. Kisha foleni ikasogea, na hapo ndipo nilipokiona nilichokuwa nimekosa kukiona maisha yangu yote. Yule wa kwanza alikigeuzia kikapu mgongo, akachuchumaa apitishe mikono kwenye kamba za mabegani, lakini kiti kilikuwa chini mno. Hakuweza kuinuka. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwinulia kikapu, kisha naye akageuka ainuliwe chake, na wa tatu akangoja zamu. "Kidole kimoja hakivunji chawa," walisema wakicheka, kama wanavyosema siku zote. Nilikuwa nimesikia msemo huo pale kituoni tangu nijue kusikia, nikadhani ni wa urafiki. Ulikuwa wa urafiki, ndiyo, lakini pia ulikuwa wa watu wasio na mahali pa kuweka mzigo.

Nilitoka mbio kwenye mvua, bila mwavuli, nikipayuka peke yangu njia nzima kwa furaha. Hawakutaka kukaa! Walitaka kikapu ndicho kikae, na kikae juu, usawa wa viuno vyao, ili mtu aweze kukitua na kujitwika mwenyewe. Kujitwika! Neno lenyewe lilikuwa limekaa kwenye lugha likiningoja. Nilifika nyumbani nimelowa chepechepe, nikachora mezani mpaka maji ya nywele yakafuta mistari, nikachora tena.

Safari hii nilipima. Nilirudi kituoni na tepu, nikawaomba wanawake wanipe migongo yao. Kule kwetu anayekuja na tepu kupima urefu wa mtu mara nyingi ni fundi wa jeneza, na mmoja alirudi nyuma akashika kifua.

"Unanipima sanduku na bado natembea?" aliuliza, na kituo kizima kikaangua kicheko.

Nikamwambia napima mahali kikapu kinapomkalia. Akageuka, akasema basi nipime vizuri, na nisimpunguzie. Baada ya hapo walipanga foleni, wafupi, warefu, wenye mimba, muuza omena naye akaacha biashara yake. Wakaanza kunieleza bila kuulizwa: kamba huuma hapa, kikapu huvuta nyuma hivi, mtu akitua kwa kishindo majani huvunjika na kuwa meusi. Niliandika mpaka karatasi ikaisha, nikaendelea kwenye mkono.

Chuoni nilimweleza mwalimu yote, hata habari za wazee na upepo wao. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia sasa nimeanza kozi.

Kifaa cha kwanza, mfano wa meza nyembamba ya kuwekea kikapu, kilianguka. Kilikuwa kirefu kama nilivyopima, lakini nilipokijaribu na kikapu kilichojaa mchanga kilipinduka kikamfuata aliyekibeba. Cha pili nilikitanua miguu na kukiinamisha kidogo kwa nyuma, kikapu kikaegemea ubao wa nyuma badala ya kuanguka. Juu niliweka fito zenye nafasi ili maji yapite, na nikakipa ngazi mbili, moja ya warefu na moja ya wafupi. Misumari niliikataa, mvua yetu huila. Nilihitaji vigingi vya mbao ngumu, na nilijua mahali pa kuvipata: baba alikuwa amezing'oa chai kuukuu za upande wa mtoni, na visiki vyake vililala nyuma ya zizi. Mbao ya chai ni ngumu kama mtu mbishi. Nilivipasua, nikavichonga, viganja vikaota malengelenge. Baba alipita, akasema hizo ni kuni. Nikamwambia si zote. Akaendelea na safari yake ya zizini.

Mwaka ulikuwa unaisha. Mwalimu alinipa alama nzuri, lakini alama za mwalimu hazikuwa kwenye mapatano yetu. Baba alikuwa ameshaulizia chuo cha uuguzi, na juu ya kabati chumbani kwao kulikuwa na viatu vyeupe vya ukubwa wangu ndani ya boksi. Aliniambia siku ya kuja kutazama atachagua mwenyewe, na nisimwarifu mtu.

Nilikipeleka kile kitu kituoni, nikakikita upande wa chini wa banda, nikakiacha. Sikumkaribisha mtu. Sikujificha hata nyuma ya omena. Nilikwenda Siongiroi kumtembelea shangazi, maana ningebaki ningeanza kuwavuta watu kwa mikono. Kule shangazi aliniambia mcheza kwao hutuzwa, nikamjibu kwamba mimi nilichezea kwetu nikawatuza wazee viti. Sikula vizuri siku zote nilizokaa huko.

Niliporudi, baba alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakulala. Alivaa koti, akasema twende.  Nilimfuata kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani, ila mtihani huu ulikuwa umesimama kando ya barabara ambapo kila mtu angeweza kuusahihisha.

Tulisimama ng'ambo, kwenye ukuta wa duka. Banda lilikuwa limejaa. Kitu changu sikukiona, na kwa muda nikaamini kimechukuliwa na mtu kwenda kukaushia vyombo. Kisha watu wakasogea, nikakiona kimezungukwa. Mwanamke alifika, akakigeuzia mgongo, akashusha kikapu taratibu mpaka kikakaa, akatoa mikono kwenye kamba, akaondoka bila hata kutazama nyuma. Mwingine alikuwa upande wa pili akijitwika. Walibishana nani aliyetangulia. Mmoja alimwambia mwenzake asikae nacho kama cha mamake. Fito za juu zilikuwa zimeanza kuingia weusi wa utomvu wa chai. Nilitaka kucheka na kulia pamoja, nikafanya yote mawili ndani ya kola ya sweta.

 Nilimwangalia baba kwa pembe ya jicho. Alikuwa ametazama mbele tu.

Ndipo mama akaja. Hakujua tuko pale. Alikuwa ameshachambua majani yake, akayarudisha kikapuni, akakiweka kikapu juu ya kitu changu, na sasa ilikuwa zamu yake kupanda upande wa mizani. Baba alivuka barabara. Nadhani hakuamua kuvuka, miguu ilimpeleka tu, mikono ameitanguliza tayari kumwinulia mzigo. Kabla hajafika, mama alipitisha mkono wa kulia kwenye kamba, akapitisha wa kushoto, akanyoosha magoti, akasimama. Akaondoka na mzigo wake. Baba alibaki katikati ya wanawake, mikono hewani, na mmoja wao akamwomba asogee kidogo, anamzibia njia.

Alirudi kwangu. Alifuta viganja kwenye koti, ingawa havikuwa na kitu.

"Hapa watu ni wengi," alisema. "Hata bila hiyo, wangesaidiana. Lakini kule shamba yetu ya juu, tangu uende chuo, mama yako huchuna peke yake. Kikapu ikijaa anapiga magoti kwa matope, anaingiza mikono, halafu anajivuta juu akishika miti ya chai. Mimi nikitoka kazini namwona nikiwa bado mbali. Nikifika, ameshasimama."

 Lori lilikuwa linasikika likipanda mlima.

"Hiyo ingetangulia kule," alisema. "Uuguzi tuwaachie wenye kuupenda. Wewe tengeneza ya mama yako."

 Nilikuwa nimechuna chai na mama tangu nijue kutofautisha jani changa na lililokomaa, na sikuwa nimewahi kumwona akipiga magoti, kwa sababu nilipokuwapo nilimtwika mimi. Nilipoondoka kwenda kujifunza vipimo vya mwili wa binadamu ndipo alipoanza, na hakuna siku aliyonitajia kwenye simu. Aliniuliza tu kama nakula.

Mama alitoka kwenye mizani, akatuona, akashangaa tumetoka wapi. Nilimshika mkono, nikamwambia twende shamba la juu sasa hivi, na kikapu. Akasema majani yameshapimwa, tunakwenda kufanya nini? Nikambembeleza. Baba akatangulia mbele akibeba kikapu kitupu, jambo ambalo kituo kizima kililitazama. Tulipofika kwenye mistari ya mwisho tulikijaza kwa mawe na nyasi, nami nikamwomba mama apige magoti kama anavyofanya siku zote, kisha ainuke polepole, polepole sana, ili nione mzigo unamshika wapi.